Tornado ikija una dakika chache tu: namna ya kuiandaa familia yako nyumbani

Ndugu zangu, kitu cha kwanza cha kuelewa kuhusu tornado, yaani ule upepo mkali unaozunguka na kushuka kama mkonga kutoka winguni mpaka chini, ni muda. Kimbunga kikubwa cha baharini unaanza kukisikia kwenye taarifa siku kadhaa kabla, watu wanapigilia mbao madirishani, wanajaza gari mafuta, wanahama. Tornado haiko hivo. Inazaliwa ndani ya wingu la radi, inashuka, inapita mtaani na mara nyingi ndani ya dakika kumi ishapotea, na onyo likitoka mapema unapata labda dakika kumi, labda kumi na tatu, siku nyingine hata tano hazifiki. Sasa hebu fikiria dakika tano za nyumbani kwako zikoje, mmoja yuko bafuni, mtoto amelala, mkubwa wao amevaa hedifoni hasikii kitu, bibi hawezi kushuka ngazi peke yake. Kama hamkukaa chini mkapanga kabla, hizo dakika zitaishia kwenye kuulizana twende wapi, nani kamchukua mtoto, tochi iko wapi.

Ndo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya siku ambayo jua linawaka na hakuna wingu hata moja. Siku yenyewe ikifika cha kufanya ni kidogo sana, na kinatakiwa kifanyike bila mjadala.

Na usiseme hizi ni habari za Marekani tu. Kweli wao ndo wanaongoza, wanapata tornado kama 1,200 kwa mwaka, lakini zinatokea kwenye kila bara isipokuwa Antaktika, na ile iliyoua watu wengi kuliko zote zinazojulikana ilipiga Bangladesh, maeneo ya Daulatpur na Saturia, tarehe 26 Aprili 1989, watu wanaokadiriwa kufika 1,300 walikufa. Juni 2024 ikapiga Tongaat kule Afrika Kusini, nyumba zikabomoka na watu wakafa. Kwahiyo popote penye ngurumo kubwa za radi na mvua ya mawe, jambo hili linakuhusu.

Kabla ya hatua zenyewe, jua kinachoua ni nini. Watu wengi wanaogopa kunyanyuliwa na upepo, ila wengi wanaoumia wanaumizwa na vitu vinavyoruka: mabati, mbao zenye misumari, matofali, vioo, matawi ya miti. Nguvu ya tornado inapimwa kwa skeli inayoitwa EF kuanzia 0 mpaka 5, EF0 upepo wake unaanzia kilomita 105 kwa saa na EF5 unapita kilomita 322 kwa saa, na nyingi sana ni zile dhaifu za EF0 na EF1. Lakini hata hiyo dhaifu ikirusha kipande cha bati kikakukuta umesimama dirishani unarekodi video, kwako wewe sio dhaifu tena. Ukishaelewa hapo kila kitu kingine kinakuwa na maana, yaani kazi yako ni kushuka chini kabisa, kuingia katikati ya nyumba, kuweka kuta nyingi kadri inavyowezekana kati yako na nje, na kufunika kichwa.

HATUA YA 1: Chagueni chumba, leo

Zunguka nyumba yako yote ukiwa na familia. Mnatafuta sehemu moja tu, na kila mtu aijue, hata mtoto wa miaka minne.

Kama nyumba ina chumba cha chini ya ardhi, hapo ndo penyewe. Ila angalia juu yake kuna nini. Kama jikoni juu kuna friji kubwa au kuna piano sebuleni basi msikae chini ya hapo, sakafu ikiachia vitu hivyo vinakuja na uzito wake wote. Kaeni chini ya meza ngumu au chini ya ngazi, mbali na madirisha madogo ya kule chini. Zamani watu walikuwa wanaambiwa wakae kona ya kusini magharibi eti vifusi vitaangukia upande mwingine, hiyo haina ukweli, achana nayo.

Kama hamna chumba cha chini (na nyumba nyingi hazina) tafuta chumba kidogo, ghorofa ya chini kabisa, kisicho na dirisha, na ambacho kuta zake hazigusi nje. Mara nyingi ni bafu la katikati, stoo, kabati la nguo lile la kuingia ndani, korido, au pale chini ya ngazi. Udogo wa chumba ni faida kwa sababu kuta ziko karibu karibu na zinashikana, chumba kikubwa paa lake linaachia kirahisi zaidi. Bafu lenye sinki la kuogea ni zuri, mnaingia ndani ya sinki mnajifunika godoro juu, mradi bafu lenyewe liwe la katikati na sio lile lenye dirisha kubwa la kutazama bustani.

Mnaoishi kwenye magorofa: kama uko ghorofa ya sita huna muda wa kuanza kuhangaika siku hiyo, na lifti usiiguse maana umeme ukikatika unabaki humo. Nenda leo kamuombe jirani wa chini, mwambie ukweli, mama nanihii siku wakitangaza tornado tunaomba tushuke kwako na watoto. Watu wengi hawakatai. Ikishindikana basi ngazi za ndani zisizo na madirisha au korido ya katikati ya ghorofa yako.

Sasa niseme kwa uzito kuhusu zile nyumba za kuhamishika, zile zinazoletwa zimeshaundwa na kuwekwa juu ya chasisi. Hizo hazina chumba salama. Hakuna. Hata kama zimefungwa chini kwa minyororo na bolti, upepo ambao nyumba ya kawaida unang'oa paa tu, hiyo nyumba unaibiringisha. Kule Marekani zaidi ya nusu ya watu wanaofia majumbani kwenye tornado wanakuwa kwenye nyumba za aina hii, wakati wanaoishi humo ni wachache tu ukilinganisha na watu wote. Kama unaishi humo mpango wako ni kuondoka MAPEMA, sio onyo likishatoka, yaani tahadhari ya kwanza tu ikitangazwa unachukua watoto unaenda kwa ndugu au kwenye jengo imara mlilokubaliana, hata kama ni mara tano kwa mwaka na mara zote tano hakikutokea kitu.

Mwenye uwezo anaweza kujenga chumba maalum cha kujificha, vipo vya chuma na vya zege, vinafungwa chini kwenye sakafu, na vile vilivyojengwa kwa viwango vinatengenezwa kuhimili upepo wa kilomita 400 kwa saa. Ukinunua uliza cheti cha majaribio, sio kila sanduku la chuma linafaa.

HATUA YA 2: Vitu vikae humo humo chumbani

Kosa linalofanywa sana ni begi la dharura kuwekwa gereji au kwenye buti la gari. Begi likiwa kule na nyinyi mko huku halina kazi. Tena gereji ndo sehemu dhaifu ya nyumba, mlango wake mkubwa unaanza kuachia kabla ya vingine.

Kitu namba moja humo ni VIATU. Najua mtu anategemea nianze na maji au tochi. Lakini mnaingia humo saa nane usiku miguu peku, tornado inapita, mnafungua mlango na nje kote ni vioo na mbao zenye misumari. Mwaka 1982 tornado ilipiga mji wa Marion jimbo la Illinois, walipochunguza majeruhi wakakuta nusu yao waliumia BAADA ya tornado kupita, wakiokoa wenzao na kusafisha, na karibu theluthi ya majeraha ilikuwa ni kukanyaga misumari. Kwahiyo jozi moja ya viatu vya kufunika mguu, vyenye soli ngumu, kwa kila mtu, vikae humo mwaka mzima. Watoto miguu inakua basi kagua kila baada ya miezi michache.

Cha pili helmeti. Ya baiskeli, ya pikipiki, ya mchezo wowote ule, yoyote ni bora kuliko kichwa kitupu, maana majeraha ya kichwa ndo yanaua. Kama helmeti ya mtoto huwa inakaa kwenye baiskeli nje basi siku hiyo hutaipata, na usipoteze hata dakika moja kuitafuta, jifunikeni kwa mikono na mito. Kwa mtoto mchanga, kile kiti chake cha gari kinafaa sana, unamfunga mikanda humo ndani ya chumba, kinamkinga na hakuponyoki mkononi.

Vingine kwa haraka: filimbi kwa kila mtu (mkifunikwa na vifusi sauti inaisha mapema ila filimbi mtu anaweza kupuliza muda mrefu), tochi na betri za ziada na sio mishumaa kwa sababu gesi inaweza kuwa inavuja, pawabanki iliyojaa chaji, redio ndogo ya betri, maji lita kama 4 kwa mtu kwa siku na yawe ya siku tatu, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa ambazo mtu anatumia kila siku, miwani ya akiba, nepi na maziwa kama kuna mtoto, vifaa vya huduma ya kwanza, glavu nene za kazi. Blanketi nzito au godoro liwe karibu. Kama chumba ni kidogo sana maji na chakula vinaweza kukaa jirani na hapo lakini viatu, helmeti, filimbi na tochi viwe humo ndani kabisa.

Halafu karatasi. Piga picha vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, pasipoti, bima, hati ya nyumba, uzihifadhi mtandaoni na pia umtumie ndugu mmoja anayeishi mbali. Siku hiyo hiyo chukua simu pita chumba kwa chumba unarekodi video ya kila kitu, fungua na makabati, dakika kumi tu, maana baadae mtu wa bima atakuuliza ulikuwa na nini na wewe utakuwa umesimama kwenye kifusi hukumbuki hata rangi ya makochi.

HATUA YA 3: Taarifa itakufikiaje, hasa usiku

Mamlaka za hali ya hewa huwa zinatangaza kwa ngazi mbili. Ya kwanza ni tahadhari, maana yake hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea kwenye eneo kubwa ndani ya masaa yajayo, hapo unajaza chaji simu, unawaita watoto wasicheze mbali, unamshusha bibi mapema, unavaa viatu. Ya pili ni onyo, maana yake tornado imeonekana kwa macho au kwenye rada, hapo unaingia chumbani SASA HIVI. Majina yanaweza kutofautiana nchi na nchi, jifunze ya kwako yanaitwaje na wafundishe watoto tofauti yake.

Usitegemee njia moja ya kupata taarifa. King'ora cha mtaani kimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, ukiwa ndani umelala, feni inazunguka na mvua inapiga bati, hukisikii, na sio king'ora kibovu, hakikutengenezwa kukuamsha. Simu uiachie ruhusa ya meseji za dharura, zile zinazopiga kelele hata simu ikiwa kimya, watu wengi wanazizima kwa sababu zinawashtua. Na kuwe na redio ya hali ya hewa yenye betri inayojiwasha yenyewe onyo likitoka, kule Marekani zipo zinazopokea masafa ya NOAA (taasisi yao ya serikali ya mambo ya bahari na hali ya hewa) saa 24. Tornado za usiku ni hatari zaidi kwa sababu watu wamelala. Tarehe 3 Machi 2020 moja ilipiga karibu na Cookeville jimbo la Tennessee usiku wa manane, watu 19 wakafariki. Na usijipe matumaini ya msimu, ile iliyoharibu mji wa Mayfield kule Kentucky ilipiga Desemba 2021, tena usiku.

Jifunze na dalili za macho ila usizisubiri: wingu lililoshuka chini na linazunguka, mvua ya mawe makubwa, anga kuwa na rangi ya ukijani (sio lazima), vitu vinazunguka chini hata kama hakuna mkonga unaoonekana, na mngurumo mzito usiokatika kama treni inayopita jirani. Nasema usizisubiri kwa sababu tornado nyingine inakuja imejifunika ndani ya mvua, unachoona ni ukuta mweusi wa mvua tu.

HATUA YA 4: Fanyeni zoezi na mhesabu muda

Sisi nyumbani mara ya kwanza tulipofanya zoezi nilishika saa nikasema onyo, nendeni, na ilituchukua zaidi ya dakika sita. Sita! Mtoto alirudi kumtafuta paka, mimi nilirudi kuchukua chaja, na mlango wa stoo haukufungika kwa sababu tulishajaza makopo ya rangi humo. Siku hiyo nilielewa kwamba kuwa na mpango kichwani sio kuwa na mpango. Sasa tunafanya mara mbili kwa mwaka, mchana na usiku taa zikiwa zimezimwa, tunafika chini ya dakika moja na nusu.

Gaweni majukumu kwa jina. Huyu anamchukua mtoto mdogo, huyu anamshika mkono bibi, huyu anamuweka paka au mbwa kwenye kikapu chake, na kama mnyama hajapatikana ndani ya sekunde chache mnaingia bila yeye. Inauma kusema hivo mbele ya watoto lakini semeni kabla, sio siku hiyo. Kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu, njia ya kufika chumbani isiwe na kapeti zinazokunjika wala fanicha, akifika anafunga breki za magurudumu, anainama na kufunika kichwa na shingo, na wengine mnamfunika kwa mto au blanketi.

Wafundishe watoto mkao: magoti chini, uso chini, mikono imefunika nyuma ya shingo na kichwa. Ufanye mchezo kwa wadogo, nani atakuwa kobe wa kwanza. Na muulizie shuleni kwao wana mpango gani, halafu mkubaliane kwamba onyo likitoka wakiwa shule wewe huendi kuwafuata, maana watakuwa ndani ya jengo na wewe utakuwa barabarani, na barabarani ndo pabaya zaidi.

Chagueni pia ndugu mmoja wa mbali ambaye kila mtu atamtumia meseji ya niko salama. Meseji mara nyingi inapita hata mtandao ukiwa umeelemewa na simu ya kupiga haipiti. Namba yake iandikwe kwenye karatasi kwenye kila begi la mtoto.

HATUA YA 5: Onyo limetoka

Ingia. Ndo hatua yote hiyo.

Nasisitiza kwa sababu ya kilichotokea Joplin, jimbo la Missouri, tarehe 22 Mei 2011. Onyo lilitoka mapema, zaidi ya dakika 15 kabla, ving'ora vililia, lakini uchunguzi uliofanywa baadae ulionyesha watu wengi hawakujificha waliposikia onyo la kwanza, walitaka kwanza kuhakikisha, wakafungua TV, wakampigia mtu, wakatoka nje kuangalia anga, na ile ilikuwa imefunikwa na mvua. Watu zaidi ya 150 walifariki. Hao hawakuwa wajinga, walikuwa wamezoea ving'ora vinavyolia na hakuna kinachotokea, kama mimi na wewe tunavyozoea. Kwahiyo uhakikisho wako uufanye ukiwa ndani ya chumba, simu mkononi, mlango umefungwa.

Njiani kuelekea humo kama unapita milango ya vyumba ifunge, inasaidia kupunguza msukumo wa upepo kwenye paa. MADIRISHA usiende kufungua. Ile hadithi kwamba ukifungua madirisha presha inasawazika na nyumba hailipuki sio kweli, nyumba inabomolewa na upepo na vitu vinavyorushwa, na wewe unakuwa umesimama mbele ya kioo kwa wakati mbaya kuliko wote.

Mkiwa ndani: viatu, helmeti, mkao wa kobe, godoro au blanketi juu, wakubwa wakiwakinga wadogo kwa miili yao. Masikio yanaweza kuziba kama kwenye ndege. Ongea na watoto, waambie unafanya nini, sauti yako ndo kitu pekee wanachokijua humo gizani. Kukiwa kimya ghafla msitoke, zinaweza kuja zaidi ya moja kwenye dhoruba moja. Mnatoka onyo likiondolewa rasmi au muda wake ukiisha.

Kama imekukuta kwenye gari

Mwongozo huu ni wa nyumbani lakini hapa siwezi kupapita kimya. Kama kuna jengo imara karibu ingia, hata la mtu usiyemjua, ila epuka kukaa kwenye ukumbi mkubwa wenye paa pana kama supamaketi au ukumbi wa michezo, tafuta vyoo vyake vya ndani. Usifanye mashindano na tornado mjini. Mei 31 mwaka 2013 karibu na El Reno kule Oklahoma ilitokea moja iliyofikia upana wa kilomita 4.2, watu wengi wakakimbilia magari, barabara kuu zikaziba, wakabaki wamekwama wazi kabisa.

Na chini ya flaiova usijifiche, tafadhali. Video moja ya mwaka 1991 iliwafanya watu waamini pale ni salama, halafu tarehe 3 Mei 1999 huko huko Oklahoma watu 3 wakafa wakiwa wamejificha chini ya madaraja ya aina hiyo. Pale chini upepo unabanwa na kuongeza kasi, na vitu vyote vinavyoruka vinapitia hapo. Kama huna pa kwenda kabisa chaguo ni mbili: ubaki ndani ya gari mkanda umefunga, kichwa chini ya usawa wa kioo, umejifunika; au kama kuna bonde lililo chini sana kuliko barabara, uache gari ulale humo kifudifudi umefunika kichwa. Mfereji wa maji ya mvua usiingie, siku ile ile ya El Reno wapo waliojificha kwenye mifereji wakasombwa na mafuriko.

HATUA YA 6: Imepita, sasa taratibu

Hapa watu wanafurahi kuwa wazima wanaanza kukimbia kimbia. Tulia kwanza. Hesabu watu, angalia nani anavuja damu, damu nyingi bana kwa nguvu na kitambaa bila kuachia. Kama mmefunikwa na vifusi pulizeni filimbi au gongeni bomba au ukuta, msiwashe kiberiti.

Ukinusa gesi au kusikia inavuja kwa mlio wa ssss toka na watu wote, usiwashe wala usizime swichi yoyote, piga simu ukiwa mbali, na valvu ukishaifunga asiifungue tena mtu mwingine zaidi ya fundi wa gesi. Waya wa umeme ulioanguka uhesabu una moto hata kama mtaa mzima giza, kaa mbali nao kwa mita 10 au zaidi, na usikanyage maji yaliyougusa.

Vidonda hata vidogo vioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo, na ukamuone daktari kama kilikuwa na udongo au mbao ndani yake. Baada ya Joplin watu 13 walipata maambukizi ya fangasi hatari kwenye vidonda vilivyoingiwa na uchafu, 5 wakafa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda, kama kidonda ni kichafu na imepita miaka mitano tangu uchomwe basi mara nyingi unahitaji nyingine.

Jenereta isiwashwe ndani, wala gereji, wala barazani, hata milango ikiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi ambayo haina harufu na inaua familia nzima wakiwa wamelala. Ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba na moshi uelekee kwingine. Jiko la mkaa nalo ni hivo hivo.

Piga picha uharibifu kabla hujaanza kusafisha, tunza risiti zote, funika paa kwa turubai kama ni salama kupanda, na kama ukuta umeinama au dari limeshuka usirudi ndani kuchukua kitu mpaka mtu anayejua majengo aseme sawa.

Watoto watabadilika kidogo. Wengine wanakojoa kitandani tena, wengine wanalia upepo ukivuma tu, wengine hawataki kulala peke yao. Usiwaambie waache uoga. Wasikilize, wape kazi ndogo ndogo kama kupanga tochi, punguza video za matukio nyumbani, rudisha muda wa kula na kulala uwe ule ule wa siku zote, na ikizidi wiki kadhaa bila nafuu watafutie mtu wa ushauri. Wakubwa pia tunaipata hiyo hali, na hakuna aibu kwenda.

Halafu jioni moja mkishapata nafuu, kaeni mkumbuke siku ile, nini kilichelewesha, nini kilikosekana, mtoto mwenyewe mwambie aseme, huwa wanakumbuka vitu ambavyo sisi hatukuviona. Jaza maji mapya, badilisha betri, chaji pawabanki, na viatu vyote virudi chumbani pale pale vilipokuwa.